Robo Saa Niliyopewa Kasulu

Mimi na mikutano hatujapatana mpaka leo. Nikipata barua ya mwaliko, kitu cha kwanza ninachotafuta ni maneno "mgeni rasmi", na nikiyaona kichwa kinaanza kuuma kabla sijafika kwenye tarehe. Wenzangu wanadhani ni maringo ya msomi. Si maringo. Ni Kasulu, na mkutano mmoja wa kemia katikati ya miaka ya tisini, nilipokuwa mwalimu kijana wa sekondari moja huko Kibondo.

Nilipelekwa Kibondo kutoka kwetu Morogoro kwa barua ya mistari minne. Shule ilikuwa na maabara yenye meza tatu, mizani iliyolemaa upande mmoja, na kabati la kemikali ambalo ufunguo wake ulikaa kwa makamu mkuu wa shule, naye mara nyingi alikuwa shambani kwake. Chupa ya pamanganeti niliificha chumbani kwangu chini ya kitanda, maana kila mwenye kuku mgonjwa alikuja kuomba punje mbili za kutia kwenye maji yao. Nilikuwa na hasira tangu wakati huo, nakiri. Mtu anasoma miaka yote ile halafu anakuwa mganga wa kuku.

Kilichoniokoa nisikate tamaa ni maji ya Murungu. Kijiji kile kilikuwa kimechimbiwa kisima cha pampu, kizuri, chenye sakafu ya saruji. Maji yalitoka meupe na ya baridi, lakini ukiyaacha kwenye ndoo mpaka jioni yanageuka rangi ya kutu. Mashati ya shule yalitoka kwenye kufua na madoa. Maharage yalipikwa yakawa meusi. Chai ndiyo usiseme. Ukichemshia maji yale majani ya chai unapata wino. Akina mama wakasema afadhali mto, wakarudi mtoni, na mtoni kulikuwa na kuhara. Kwa mwalimu wa kemia hapakuwa na fumbo. Maji yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, na chuma kikikutana na majani ya chai kinatoa weusi. Lakini kujua ugonjwa si kujua dawa, na mimi dawa sikuwa nayo.

Aliyekuwa nayo ni mama mmoja aliyeuza chai na maandazi kwenye gulio la Murungu. Kwao kwa asili ni Burundi, alivuka akiwa mgongoni mwa mama yake, na wakati ule alikwisha kupata uraia na alikuwa na shamba la mihogo na migomba. Chai yake ilikuwa nyekundu, kama chai inavyotakiwa kuwa. Nikamuuliza maji anateka wapi, akanionyesha pampu kwa kidevu.

"Maji haya haya?"

"Haya haya, mwalimu. Yana ingese tu, kutu. Kutu unaitoa."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Alikuwa na ungo uliotobolewa matundu, ameuning'iniza juu kwenye mti wa kibanda. Maji aliyamimina humo yakaanguka kama manyunyu kwenye chungu cha mdomo mpana. Akatia majivu ya maganda ya ndizi, kiasi cha kushika kwa vidole vitatu. Akaniambia nikae. Tulikaa, tukazungumza habari za mihogo, na nilipochungulia tena kutu ilikuwa imejikusanya vipande vipande na kuanza kushuka chini. Maji ya juu akayachuja kwenye chungu cha pili chenye mchanga na mkaa. Yaliyotoka chini yalikuwa maji, basi, maji yasiyo na neno.

Niliduwaa. Kila alichofanya kilikuwa na maelezo yake kitabuni: kuyaangusha maji ni kuyapa hewa, majivu ni kupunguza uchachu ili chuma kigande upesi, mchanga ni kukamata kilichoganda. Lakini kitabuni mambo yale yalikuwa yamekaa kila moja sura yake, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia yanaweza kukutana kwenye ungo.

Nikafanya kazi ile miaka miwili. Kazi yangu ilikuwa kupima, na niliipima vizuri, sitajidharau. Nilitafuta maji yaanguke kutoka urefu gani, majivu yawe kiasi gani, yakae muda gani. Niligundua kwamba majivu yakizidi, chai inaharibika kwa sababu nyingine na inaonja sabuni. Mama alikuwa anacheka nikifika na mizani yangu iliyolemaa, lakini alinipa vyungu, majivu na siku zake, na siku moja aliacha gulio zima ili nimalize vipimo.

Ndipo ikaja barua. Chama cha wanakemia kingefanya mkutano wa kemia isokaboni, yaani kemia ya madini, chumvi na metali, na kwa mara ya kwanza mkutano huo ungekuja kwetu magharibi, kwenye ukumbi wa chuo kimoja Kasulu. Angekuwepo profesa kutoka Dar es Salaam ambaye kazi yake ilikuwa hasa chuma kwenye maji. Mtoa mada atakayemridhisha angepata tuzo, na tuzo yenyewe haikuwa kikombe cha kupanga kabatini. Ilikuwa nafasi ya kusoma shahada ya pili kwenye maabara yake. Niliitaka nafasi ile mpaka nikawa nakosa hamu ya kula. Sikuwa na njia nyingine ya kutoka chini ya lile kabati lisilofunguka.

Niliandika mada yangu kwa mkono, kurasa tisa. Ukurasa wa kwanza ulimhusu yeye: ni nani, nilimkutaje, ungo wake, vyungu vyake. Nikaenda Murungu kumweleza.

"Utawaambia ni mimi?" akauliza.

"Ukurasa wa kwanza kabisa, mama."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Yule bwana wa idara ya maji alipita hapa akasema nacheza na majivu. Alisema mbele ya watu. Atakuwepo?"

"Yeye sijui. Wakubwa wake watakuwepo."

"Basi taja jina langu lote, na la baba yangu. Wajue."

Nikamwahidi. Ningependa aje mwenyewe, lakini barua iliruhusu mtu mmoja kwa kila shule, na mkuu wetu wa shule alisema barua ni barua. Nikajaza madumu mawili. Moja lilikuwa maji ya pampu, nimelijaza hadi mdomoni ili hewa isiingie. La pili lilikuwa maji yaliyosafishwa kwa njia ya mama. Nilitaka kuwapikia chai mbele yao, vikombe viwili, waone wenyewe.

Nikapata nafasi kwenye gari moja nyeupe ya mashirika yaliyojaa wilayani kwetu wakati ule kwa ajili ya wakimbizi. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitaka kufungua madumu, ananishuku gongo. Nikamsihi la kwanza asilifungue, hewa itaingia. Akanitazama kama nimesema nina jini humo ndani. Akalifungua, akanusa, akanusa tena, akalifunga kwa masikitiko ya mtu aliyekosa haki yake. Nikashusha pumzi nikasema moyoni kwamba bughudha za safari zimeishia hapo.

Mkutano ulikuwa uanze saa tatu asubuhi. Saa tatu tulikuwa tumekaa, walimu na watafiti kama arobaini, kila mmoja na daftari lake. Profesa alikuwepo, mtu mpole mwenye miwani, na alituambia mapema kwamba saa tisa lazima aondoke, maana treni yake ilikuwa inaondoka Kigoma jioni. Saa nne tulikuwa tumekaa. Saa tano tulikuwa tumekaa. Aliyekuwa hayupo ni mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa kutoka mkoani, na bila yeye mkutano haukuweza kufunguliwa.

Nikamfuata mwenyekiti. Nikamwambia, "Mzee, tuanze na mada. Mgeni akifika atafungua."

"Madam, mkutano haujafunguliwa. Utatoaje mada kwenye mkutano ambao haupo?"

"Lakini profesa anaondoka saa tisa."

"Mvumilivu hula mbivu, madam."

Zangu mbivu zilikuwa zinaharibika ndani ya dumu. Nilirudi kwenye kiti nikahesabu mbao za dari. Ningeweza kulia, na ningelia kwa hasira, si kwa huzuni.

Mgeni rasmi alifika saa sita na nusu. Tukasimama. Wanafunzi wa chuo wakaimba wimbo wa kumkaribisha, beti sita, kila ubeti ukitaja cheo chake. Ikaja ngoma. Ikaja risala, ambayo ilimweleza mgeni rasmi historia ya chuo tangu kilipojengwa, uhaba wa vitanda, na ubovu wa paa la jiko. Kemia ilitajwa mara moja, na ilitajwa vibaya.

Halafu utambulisho. Mtu asiyewahi kukaa kwenye mikutano yetu hawezi kuelewa utambulisho ni nini. Mwenyekiti alimtambulisha mkuu wa chuo. Mkuu wa chuo akasimama, akamtambulisha makamu wake, na makamu akawatambulisha wakuu wa idara, mmoja mmoja, kila mmoja anapunga mkono na kusema neno. Wakatambulishwa waliokaa meza kuu, ambao walikwisha kutambulishwa. Akatambulishwa diwani ambaye hakuwepo, amesafiri lakini anatusalimu, tukampigia makofi. Akatambulishwa dereva wa mgeni rasmi, akaitwa kutoka nje alikokuwa amelala kwenye gari, akaingia anafikicha macho, tukampigia makofi. Wakatambulishwa wapishi. Nilikuwa natazama saa ya ukutani na kila jina lililotajwa nililiona kama dakika inayokatwa kwenye mwili wangu. Niliapa, na kiapo hiki nakikumbuka vizuri, kwamba mimi nikipewa nafasi sitamtambulisha mtu.

Mgeni rasmi akajibu risala. Akatuasa tutunze mazingira. Kisha ikaonekana kwamba hajanywa chai tangu atoke safarini, na mgeni hawezi kukaa bila chai, kwa hiyo ikaletwa chai kwa meza kuu na kwa sisi wote. Mwenyewe alikunywa vikombe viwili, akaomba cha tatu, akaisifu. Baada ya hapo alipanda mwenzangu mmoja mwenye mada ya chokaa. Alianza kwa kuwashukuru wote waliotambulishwa, kwa mpangilio ule ule.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo mwenyekiti aliponiita.

"Madam, una robo saa. Profesa mguu mmoja uko nje, kwa hiyo naomba uende moja kwa moja kwenye jambo."

Nilikuwa na kurasa tisa mkononi. Niliutazama ule wa kwanza. Ulikuwa na jina la mama, na la baba yake, na gulio, na jinsi alivyonionyesha pampu kwa kidevu. Nikauona ni utambulisho. Ndivyo nilivyouona, baada ya siku ile nzima: utambulisho mwingine tena. Nikaukunja mara mbili nikautia kwenye pochi, nikaanza na ukurasa wa pili.

Nilipoinama kuchukua madumu yangu, lile la maji yaliyosafishwa lilikuwa tupu. Nikalitikisa mbele ya ukumbi mzima. Mpishi mmoja akainua mkono mlangoni.

"Madam, yale tulipikia chai. Maji yetu leo yalikatika, na yale yalikuwa masafi."

Watu wakacheka. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Miaka miwili, kizuizi, saa sita za kukaa, na kazi yangu wameinywa na maandazi. Nilikaribia kusema neno ambalo lingenifukuzisha kazi. Halafu nikakiona kikombe cha mgeni rasmi, cha tatu, kimebaki nusu, chai yake nyekundu.

"Mheshimiwa," nikasema, "naomba kikombe chako."

Akashangaa lakini akanipa. Nikamimina chai kutoka kwenye chupa yao ndani ya glasi. Kikombe nikakiacha kilivyo. Glasi nikaiongeza maji ya lile dumu la pampu, na hapo hapo, mbele ya macho yao, ikageuka nyeusi. Nikainua glasi na kikombe.

"Maji haya yametoka kisima kimoja. Haya meusi ndiyo wanayoyakimbia akina mama wa Murungu. Haya mekundu mmeyanywa ninyi tangu saa nane, na mheshimiwa ameyasifu."

Yakaja makofi ambayo hayakuombwa na mwenyekiti, ya kwanza siku ile. Nikaenda kwa kasi: hewa, majivu, mchanga, vipimo vyangu, urefu, muda. Sikupoteza neno. Profesa alikuwa amesimama, mkoba begani, anaandika. Nje dereva wake alipiga honi.

"Ni safi sana," akasema. "Ni rahisi na inaeleweka. Mbinu hii ni ya nani?"

Honi ikalia tena. Kumjibu vizuri kulihitaji ukurasa mzima, na ukurasa ulikuwa kwenye pochi, umekunjwa.

"Ni utafiti wangu, profesa."

Akanishika mkono, akaniambia nisubiri barua, akatoka. Tuzo nilipewa jioni na mgeni rasmi, ambaye alisema binti huyu nusura atunyweshe kutu, watu wakacheka tena, nami nikacheka. Nilikuwa na furaha ambayo sijapata nyingine ya kufanana nayo. Njia nzima ya kurudi Kibondo nilikuwa naisema ile sentensi yangu ya kikombe, na nilipofika kwenye lile jibu nilikuwa naliruka.

Nilikusudia kumwandikia profesa. Nakumbuka hata karatasi niliyoichagua. Lakini kwanza nilisubiri barua yake, nisije nikaonekana nina maneno mengi. Barua ilipokuja ilinisifu kwa ubunifu, na sasa kumwandikia kungekuwa kama kumwambia alikosea kunichagua. Wiki ile nikawa na mitihani ya kusahihisha. Wiki iliyofuata nikajiambia maji yakimwagika hayazoleki, methali nzuri kwa mtu asiyetaka kuinama. Nilikuwa hodari wa kuwakasirikia wapishi na wenyeviti. Kujikasirikia mwenyewe nilikuwa naahirisha.

Humu sijataja jina la mtu yeyote. Hata la mama silitaji, maana lilitakiwa kutajwa siku ile, mbele ya watu wale. Kuliandika leo kungenisaidia mimi tu.

Kabla sijaondoka kwenda Dar es Salaam kilifika kitabu cha mkutano, kijitabu kilichobanwa pini pembeni. Nikaenda nacho Murungu kuaga. Niliwaza kumpa tu mkononi na kuondoka, kwa sababu Kiswahili cha maandishi hakikuwa chepesi kwake. Lakini habari zilikuwa zimetangulia. Nilimkuta amevaa kitenge kipya, ameweka viti nje, na amewaita majirani, wanawake watano na mzee mmoja. Chai ilikuwa tayari.

"Mwakeye, mwalimu. Kaa. Tusomee."

Nikasoma. Nikasoma jina la mgeni rasmi na vyeo vyake. Nikasoma mwenyekiti, mkuu wa chuo, makamu, wakuu wa idara, na diwani aliyekuwa amesafiri. Waliokuwa wametambulishwa wote walikuwemo. Nikasoma muhtasari wa mada ya chokaa. Nikasoma wangu, na jina langu lilipotajwa majirani walipiga makofi, naye akapiga pia, kwa nguvu. Nikasoma maneno "mbinu iliyobuniwa na mtafiti". Nikasoma shukrani za mwisho, kwa dereva wa mgeni rasmi, na kwa wapishi kwa chai nzuri. Nikafunga kitabu.

Mama alikuwa amekaa wima, mikono magotini, anasubiri. Majirani walikuwa wanamtazama yeye, hawanitazami mimi.

"Ego, ndiyo," akasema taratibu. "Soma tena, mwalimu. Pengine umeruka mstari."

Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza tena na jina la mgeni rasmi.